UZI: Mchochota wa ndani kwa ndani: ni uto wa karai, sukari ya chai, au kitambi?

#1 Mwana_Kibokoni
Salaam nyote. Kuna huku kuwaka kwa mwili polepole, miaka nenda miaka rudi, bila jeraha wala homa. Ndiko kunakohusishwa na kisukari, mishipa ya moyo kuziba, na viungo kuuma. Dai langu ni hili: Mombasa watu wanailaumu nazi bure. Kinachotuwasha ni uto wa karai unaorudiwa siku tatu nne, viazi karai asubuhi na bajia jioni, halafu sukari ya chai. Hesabuni wenyewe: vikombe vinne, vijiko vitatu kila kikombe, ni vijiko 12, yaani karibu gramu 48. Shirika la Afya Duniani linataka sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nguvu ya chakula cha siku, na ikishuka chini ya asilimia 5, kama gramu 25 hivi, ni bora zaidi. Tumeshavuka huo mpaka wa 25 kabla sinia la haluwa halijafunuliwa. Nipingeni kwa hoja.

#2 Mwandani_wa_Kamusi
Jina kwanza. Huo ni *mchochota*. Ukimwambia mtu "una uvimbe ndani" atadhani amekutwa na saratani, na hofu hiyo peke yake yamtosha kukosa usingizi. Uvimbe ni dalili moja tu ya mchochota. Nyingine ni wekundu, joto na maumivu. Ule wa muda mrefu unaweza kukosa zote nne, ndio maana haugunduliki.

#3 Maabara_Tudor
Na kwa kuwa haugunduliki kwa macho, hupimwa. Kipimo kinachotumika zaidi ni CRP, protini inayotengenezwa na ini likipata ishara ya IL-6, mjumbe wa kemikali wa kinga ya mwili. Lakini ombeni ile ya unyeti mkubwa, hs-CRP. Ile ya kawaida imetengenezwa kwa ajili ya maambukizi, haioni tofauti ndogo ndogo. Kwa hatari ya moyo: chini ya 1 mg/L ni ndogo, 1 hadi 3 ni ya wastani, juu ya 3 ni kubwa. Ikipita 10, usianze kubadilisha chakula. Tafuta kwanza maambukizi au ugonjwa mwingine.

Makosa ninayoyaona: mtu anapimwa akiwa na mafua, au juzi aling'olewa jino, au jana alikimbia mbio ndefu. Namba itapanda tu. Pima mara mbili, kwa tofauti ya wiki mbili au zaidi, ukiwa mzima. Kufunga kula si lazima kwa kipimo hiki.

#4 Bi_Karaini
Mwana_Kibokoni, kwenye uto uko karibu na kweli, ila kuhesabu siku ni kujidanganya. Uto hauhesabiwi, huangaliwa. Uto mzima ukitiwa kiazi hutoa mapovu makubwa yanayopasuka na kwisha. Uto uliochoka hutoa povu jembamba, jeupe, linalotambaa juu na kubaki hata baada ya kuepua. Ukiuinua kwa mwiko huteremka mzito kama asali. Hutoa moshi kabla hujatia kitu, na ukipoa unanuka rangi ya mlango. Ukiona mawili katika hayo, mwaga.

Kinachouharibu: maji ya kiazi huvunja mafuta na kuachia asidi, hewa na moto hutengeneza aldehaidi, kemikali zenye madhara, na yale makombo ya unga wenye manjano na chumvi yanayobaki chini huungua na kuharakisha yote. Kwa hiyo epua makombo kila mkupuo, na chumvi itie kiazi kikiwa kwenye sahani, kamwe si juu ya karai. Ukimaliza, acha uto upoe hadi uvuguvugu, chuja kwa kitambaa kilichokunjwa mara mbili, jaza chupa hadi shingoni ili hewa isipate nafasi, weka gizani mbali na jiko.

Kosa kubwa kuliko yote ni kujaliza. Watu huona wanaokoa kwa kutia uto mpya juu ya wa zamani. Huuokoi wa zamani, unauozesha mpya, kwa sababu zile asidi zilizomo huanza kuuvunja papo hapo. Ujerumani wakaguzi huamuru uto umwagwe pale vitu vilivyovunjika vinapopita asilimia 24.

Na moto: donge dogo la unga likizama na kuibuka baada ya sekunde mbili tatu, ni kama digrii 175 hadi 180. Likikaa chini, uto ni baridi na kiazi kitaufyonza wote.

#5 Lishe_Nyali
Bi_Karaini, ahsante, hiyo ya kujaliza ibandikwe ukutani. Lakini nyote mnatazama kinachoingia mdomoni na kusahau kinachokaa tumboni. Mafuta yaliyozunguka utumbo na ini si ghala lililolala. Seli zake zikivimba kupita kiasi baadhi hufa, askari wa damu huja kusafisha, nao hutoa wajumbe wa mchochota, TNF na IL-6, usiku na mchana. Hiyo IL-6 ndiyo inayoliamsha ini alilotaja Maabara_Tudor #3.

Kipimo chake ni utepe wa fundi cherehani. Simama, pumua nje kawaida, upitishe katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, si kwenye mkanda wa suruali ambao huwa umeshuka chini ya kitambi. Mpaka wa kutovuka: wanaume sm 94, wanawake sm 80. Kwa wanaume wenye asili ya India na Pakistani, sm 90, kwani wao hupata mafuta ya ndani mapema zaidi. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa 2007 ulikuta kila kilo moja inayopungua hushusha CRP kwa wastani wa 0.13 mg/L. Mtu wa 4.0 akipunguza kilo 8 anakaribia 3.0, hata kama hajawahi kuonja manjano.

#6 Mwana_Kibokoni
Na hicho kitambi kimeletwa na nini dadangu, kama si viazi karai na chai ya vijiko vitatu? Tumerudi #1.

#7 Lishe_Nyali
Kimeletwa na kula kuliko kinachotumika, hata kama ni wali mweupe na samaki wa kuchemsha. Uto mpya kabisa, safi, una nguvu ileile ya kalori na uto uliochoka. Kwa hiyo ukibadilisha uto tu, kitambi kitabaki palepale.

#8 Mkwezi_wa_Mnazi
Nashukuru #1 kwa kuitetea nazi. Wazee wameila karne ngapi? Kule kisiwa cha Kitava, Papua New Guinea, watu hula nazi kila siku na watafiti hawakukuta kiharusi wala maradhi ya moyo yaliyozoeleka Ulaya.

#9 Lishe_Nyali
Kitava ni kweli, lakini malizia sentensi: wanakula nazi pamoja na viazi vikuu, viazi vitamu, matunda na samaki, na karibu hawajui sukari wala unga mweupe. Halafu tofautisha nazi, tui, na mafuta ya nazi. Kikombe cha tui la kasimile kina karibu gramu 50 za mafuta, na sehemu kubwa ni yale yanayoganda. Uchambuzi wa majaribio 16 uliotoka 2020 ulionyesha mafuta ya nazi hupandisha kolesteroli mbaya yakilinganishwa na mafuta ya mimea mingine yasiyo ya mawese. Kwenye CRP, hakukuwa na tofauti ya maana, si juu si chini. Kwa hiyo nazi haina hatia ya mchochota, lakini moyo una mashtaka mengine dhidi yake. Mbaazi za watu sita pikeni kwa tui jepesi, mmalizie na nusu kikombe cha kasimile mwishoni. Harufu hubaki ileile.

#10 Mkwezi_wa_Mnazi
Nusu kikombe kwa watu sita! Hizo si mbaazi za nazi, ni mbaazi zilizosimuliwa habari za nazi.

#11 Mvuvi_Likoni
Mnabishana kuhusu nazi na bahari iko hapo. Omega-3 aina ya EPA na DHA mwili huzitumia kutengeneza vitu vinavyozima mchochota kazi ikishaisha. Hamhitaji samaki ghali. Vibua na dagaa wanazo nyingi kuliko changu. Mara mbili kwa wiki, kama gramu 100 za nyama iliyopikwa kila mara. Mpike mchuzi, mpake, au mchome mbali na makaa. Mkimtosa kwenye uto, mafuta yake hutoka na ya karai huingia.

Ila barafu. Vibua na jodari wana histidini nyingi, na wakikaa juani saa chache bakteria huigeuza kuwa histamini. Mlaji uso humwiva, kichwa humgonga, moyo humwenda mbio ndani ya dakika chache, na ulimi huhisi pilipili ambayo haikutiwa. Watu husema "ana aleji ya jodari". Si aleji, ni samaki aliyeachwa kwenye joto, na kupika hakuondoi histamini wala kugandisha hakuiondoi. Joto letu hili hutaka barafu kilo moja kwa samaki kilo moja, tangu mashuani.

#12 Goti_la_Majengo
Mvuvi, ngoja hapo. Mzee wetu ana jongo. Aliambiwa ale dagaa na vibua kwa ajili ya mchochota, kidole gumba cha mguu kikamfura usiku wa tatu. Nani mkweli?

#13 Maabara_Tudor
Nyote wawili. Jongo ni mchochota wa aina yake: fuwele za asidi ya uriki hukaa kwenye kiungo, chembe nyeupe huzimeza na kulipuka. Dagaa, vibua, maini na figo vina purini nyingi zinazoishia kuwa asidi hiyo. Kwa mwenye jongo ambalo halijadhibitiwa kwa dawa, ushauri wa #11 ni moto juu ya petroli. Kunde, mbaazi na mchicha vina purini pia, lakini utafiti mkubwa wa 2004 kwa wanaume haukuvikuta na hatia. Maziwa yalionekana kukinga. Soda ina hatia, kwani fruktosi hupandisha asidi ya uriki. Na msimpime katikati ya shambulio mkapumbazwa na jibu: namba ya asidi ya uriki yaweza kuonekana ya kawaida wakati huo. Rudieni wiki mbili baada ya kutulia.

#14 Goti_la_Majengo
Shukran. Soda alikuwa anakunywa mbili kwa siku na hakuna aliyemwuliza.

#15 Viungo_Marikiti
Hakuna aliyetaja manjano mpaka sasa? Manjano na tangawizi ndiyo dawa yenyewe, pamoja na pilipili manga.

#16 Duka_la_Dawa
Tuingie hesabuni, yakhe. Kijiko cha chai cha manjano ni kama gramu 3, na kurkumini, kile kiini chake kinachosifiwa, ni kama asilimia 3, yaani miligramu 90. Majaribio mengi hutumia miligramu 500 kwenda juu. Utahitaji vijiko sita kwa siku, na mchuzi huo hauliki. Pilipili manga ni kweli: jaribio la 1998 lilikuta piperini miligramu 20 huongeza ufyonzwaji wa kurkumini mara 20 hivi. Lakini piperini haichagui, hupandisha na dawa nyingine mwilini. Vidonge vya kurkumini vilivyochanganywa na piperini vimehusishwa na ini kuumia. Anayemeza warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, asivishike bila kumwambia daktari. Manjano ya kwenye chungu hayana shida, tieni.

Ninayoogopa zaidi ni mawili. La kwanza, diklofenaki, dawa ya maumivu inayonunuliwa kama peremende. Inazima mchochota wa goti leo, inatoboa tumbo na kuchosha figo kesho, hasa kwa mwenye presha anayemeza na dawa za kukojoa. La pili, ile "dawa ya mitishamba ya viungo" inayofanya kazi ndani ya siku moja. Nchi nyingi zimekamata mitishamba iliyotiwa steroidi. Dalili: maumivu yanaisha ghafla, hamu ya kula inafunguka, uso unajaa kama mwezi, sukari na presha zinapanda. Ukishaitumia wiki kadhaa usiikate siku moja, kwa sababu tezi za mwili huwa zimelala na mtu anaweza kuzirai au kufa. Ipeleke hospitalini ikiwa na kifuniko chake, wakuteremshe polepole.

Na baridi yabisi si ya kutibu jikoni. Viungo vidogo vya mikono vikikaza asubuhi zaidi ya nusu saa, pande zote mbili, kwa wiki sita, nenda. Uharibifu wa mfupa huanza mapema na haurudi nyuma.

#17 Viungo_Marikiti
Nimekubali hesabu. Niongeze la sokoni: manjano ya unga yanayong'aa kupita kiasi yaogopeni. Bangladesh walithibitisha yalikuwa yanatiwa kromati ya risasi yapate rangi. Nunueni mizizi mikavu iliyofifia, yenye ngozi ya kahawia ya vumbi. Uvunje: ndani uwe na rangi ya chungwa iliyokolea kuliko nje. Ukiwa nje ndiko kunakowaka kuliko ndani na mkono unabaki na rangi kwa kugusa tu, uache. Halafu utwangeni wenyewe.

#18 Tumbo_Huru
Mimi nasema chanzo kiko chini ya vyote mlivyotaja: utumbo mpana. Bakteria wa huko hula nyuzinyuzi na kutengeneza butireti, na butireti ndiyo chakula cha seli zinazoziba ukuta wa utumbo. Zikikosa, ukuta hulegea, vipande vya bakteria huvuja kwenye damu, na kinga ya mwili hupigana na adui asiyekwisha. Tangu 2023 Shirika la Afya Duniani linasema angalau gramu 25 za nyuzinyuzi kwa siku. Gramu 100 za mbaazi zilizopikwa zina karibu gramu 6.7. Bakuli la asubuhi la gramu 250 linakupa 17, zaidi ya nusu ya siku, na mahamri yaliyo pembeni hayakupi karibu chochote.

Msiruke toka sifuri hadi 30 kwa siku moja. Tumbo litajaa gesi na mtaacha. Ongezeni kama gramu 5 kila wiki, na maji. Mbaazi zilowekwe saa nane hadi kumi, maji yabadilishwe mara moja maana joto letu huzitoa povu, na yale ya kulowekea yamwagwe. Kuna na wali wa kiporo: ukipoa, sehemu ya wanga wake hukaza na kufanya kazi kama nyuzinyuzi.

#19 Bi_Karaini
Tumbo_Huru, hapo kwenye kiporo utatuulia watu. Wali ulioachwa sufuriani usiku kucha Mombasa hauwi dawa. Mbegu za *Bacillus cereus* hazifi kwa kupika, huamka wali ukiwa vuguvugu, na sumu yake ya kutapisha haiondoki hata ukiuchemsha upya. Anayetaka wanga huo autandaze wali kwenye sinia upoe haraka, uingie friji ndani ya saa moja, uliwe kesho yake. Umeme ukikatika usiku mzima, mwaga.

#20 Tumbo_Huru
Nimekosea kutolisema hilo. Narekebisha kauli yangu kama ya #19.

Niongeze la maziwa lala. Jaribio dogo la Stanford la 2021, watu 36, lilikuta waliokula vyakula vilivyochachuka kwa wingi kwa wiki 10 walishuka protini 19 za mchochota. Waliopewa nyuzinyuzi nyingi peke yake, si wote walioshuka. Pengine bakteria wa kuzila walikuwa wameshapotea.

#21 Fizi_na_Meno
Mbona mnapita mdomo kuelekea utumbo? Fizi zinazotoa damu ni kidonda kilicho wazi kila siku. Ugonjwa wa fizi ukitibiwa, yaani ugaga ukikwanguliwa hadi chini ya fizi, CRP hushuka baada ya miezi kadhaa, na kwa wenye kisukari sukari hushuka kidogo pia. Mswaki wa mti ni mzuri ukitafunwa ukawa brashi na ncha ikakatwa mara kwa mara. Unapotumiwa ncha ileile wiki nzima unachubua fizi. Haufiki katikati ya meno, pale pitisha uzi.

#22 Mlinzi_wa_Zamu
Na wanaokesha? Mtu analala saa nne kwa siku, hana kitambi, hali viazi karai, CRP bado juu.

#23 Lishe_Nyali
Usingizi uliovurugika umeonekana kwenda pamoja na CRP na IL-6 kupanda, uchambuzi wa 2016 ulilionyesha. Anayelala mchana aweke chumba giza, feni imwelekee, na kahawa aikate saa sita au saba kabla ya kulala, maana nusu ya kafeini bado imo mwilini baada ya kama saa tano. Muguka nao hufukuza usingizi. Kahawa yenyewe si adui, lakini ile ya dele inayochemshwa bila kuchujwa kwa karatasi hubaki na kafestoli, inayopandisha kolesteroli. Vikombe viwili vidogo havina neno. Kashata tatu za kuisindikiza zina neno.

#24 Duka_la_Dawa
Na shisha. Ilipigwa marufuku Kenya Desemba 2017 na bado inavutwa. Maji hayachuji moshi, na makaa yale yanaongeza kaboni monoksidi juu ya tumbaku.

#25 Msomaji_wa_Mtwapa
Nimesoma yote, sasa natia mchanga kwenye mchuzi. Watsimane wa Bolivia wana CRP iliyopanda karibu nusu yao, kwa minyoo na maambukizi. Lakini utafiti wa 2017 ulikuta asilimia 85 hawana chokaa hata kidogo kwenye mishipa ya moyo. Kwa hiyo mchochota gani unaua? Tena watu wenye jeni zinazopandisha CRP hawaugui moyo zaidi ya wengine. CRP ni moshi, si moto.

Upande wa pili, jaribio la CANTOS mwaka huohuo: wagonjwa zaidi ya 10,000 waliowahi kupata shambulio la moyo walifuatiliwa, na kundi lililopewa kipimo cha kati cha dawa inayozuia IL-1 likapata upungufu wa asilimia 15 wa matukio, bila kolesteroli kuguswa. Hapo mchochota wenyewe ulionekana na hatia. Lakini vifo vya maambukizi viliongezeka. Mwili unauhitaji moto huu, hatutaki kuuzima wote. Na pwani yetu yenye matende, kichocho na kifua kikuu, mtu mwembamba mwenye CRP ya 6 atafutiwe maradhi kwanza kabla ya kuambiwa aache mahamri.

#26 Fundi_wa_Misuli
Watsimane hutembea mno, wanaume karibu hatua 17,000 kwa siku. Msuli ukifanya kazi hutoa IL-6 ileile ya Lishe_Nyali #5, lakini kwa muda mfupi, na hiyo huita IL-10 inayotuliza. Kitu kilekile, kazi tofauti. Dakika 150 kwa wiki za mwendo unaokuwezesha kuongea lakini si kuimba. Baada ya magharibi pale Mama Ngina, kutoka mwanzo hadi mwisho na kurudi, kabla ya kusimama kwenye mihogo. Ukitembea dakika 10 hadi 15 mara tu baada ya kula, sukari ya damu haipandi sana.

#27 Mwana_Kibokoni
Nimeshikilia dai langu, ila nimelipunguza: uto na sukari *kwa mtu mzima asiye na maradhi mengine*. Fizi sikuzifikiria kabisa. Mkwezi, umenyamaza?

#28 Mkwezi_wa_Mnazi
Nakuna nazi. Kasimile nusu kikombe, kama nilivyoamriwa. Swali: mahamri yakiondoka, mbaazi zitaliwa na nini?

#29 Tumbo_Huru
Mkate wa mofa. Mtama mzima, umechachuka, haukaangwi.

#30 Mlinzi_wa_Zamu
Nani ana mofa nyumbani siku hizi?

#31 Bi_Karaini
Si lazima tanuri. Unga wa mtama usiopepetwa nusu kilo, chumvi nusu kijiko cha chai, na vijiko viwili vya kulia vya rojo la jana au hamira robo kijiko. Maji vuguvugu tia kidogo kidogo hadi uwe mzito wa kudondoka, si wa kusukuma. Mtama hauna ule utandu wa ngano, ukiukanda kama chapati utapasuka. Funika usiku. Asubuhi ukiona vitundu juu na harufu ya uchachu mwepesi, uko tayari. Ukinuka pombe, joto lilizidi, punguza hamira. Chungu kizito kipate moto kwanza, pakaza uto kwa kitambaa, mwaga upawa mmoja, funika, palia makaa juu ya kifuniko mengi kuliko chini. Juu ukikauka na kupasukapasuka, toa. Ukigandia chini, chungu hakikupata moto wa kutosha.

#32 Mlinzi_wa_Zamu
Rojo la kuanzia nalipata wapi kama sina la jana?